Kujifungua mbali na kwao

Mwanamke Mwaborijini, yaani wa wenyeji wa asili wa Australia, anayeishi Galiwin'ku, katika kisiwa cha Elcho kaskazini mwa Australia, kwa kawaida hajifungulii kwao. Ujauzito ukikaribia wiki ya 38, au mapema zaidi akiwa na tatizo, hupandishwa ndege ndogo na kupelekwa mji wa Darwin, zaidi ya kilomita 500, akakae hosteli kusubiri uchungu. Watoto wake wakubwa hubaki. Mama yake na bibi zake, ambao kimila ndio wenye dhamana ya uzazi, nao hubaki, isipokuwa apatikane mmoja wa kulipiwa tiketi ya kumsindikiza.

Mimi ni mkunga, na sibezi sababu ya safari hiyo. Kliniki ya huko haina chumba cha upasuaji, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kusubiri ndege. Hata Tanzania tunazo nyumba za wajawazito kusubiria karibu na hospitali, ila aghalabu ndugu huweza kufika na uji. Ninachopinga ni kuhesabu usalama kwa shinikizo la damu na wingi wa damu tu, huku upweke ukiachwa nje ya hesabu. Mwanamke ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya tatu au ya nne huingia leba bila ndugu, akapimwa na watu asiowajua, pengine wanaume, ilhali kwa mila yake uzazi ni shughuli ya wanawake. Ndiyo maana wapo wanaochelewa kliniki makusudi ili wajifungulie kwao bila maandalizi, na hapo hatari tuliyotaka kuikwepa huwa tumeikaribisha wenyewe.

Katika Australia ya Kati, baada ya uzazi mabibi huwasha moto, wakatandaza juu yake majani mabichi ya vichaka wanavyovijua, kisha mtoto na mama yake wakafukizwa kwa moshi ule ili mtoto awe imara na maziwa yatoke vizuri. Jambo hilo halipingani na sindano ya kuzuia damu hata kidogo. Wanawake Waaborijini wa Alice Springs, mji wa eneo hilo, walilielewa mapema: katika miaka ya 1980 walianzisha Alukura, kituo chao cha uzazi na afya ya wanawake, ambamo sheria ya mabibi na utaalamu wa wakunga vinakaa pamoja.

Mjini Brisbane, huduma iliyoanza mwaka 2013, ikiendeshwa kwa ushirikiano wa taasisi za afya za Waaborijini na hospitali, humpa kila mama mkunga wake mmoja anayemfahamu na mhudumu wa jamii yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walizaa watoto njiti wachache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Brisbane ni jiji, lakini Galiwin'ku nako wanawake wa Kiyolngu, Waaborijini wa eneo hilo, wamefunzwa kuwa djäkamirr, walezi wa mimba na uzazi wanaozungumza lugha ya mama. Nami nasema mafunzo hayo yafadhiliwe kwa mishahara ya kudumu, na mpaka wanawake waweze kujifungulia kisiwani kwa usalama, tiketi ya msindikizaji iwe haki ya kila mjamzito anayesafirishwa, awe na mimba ya kwanza au ya tano.