Siku moja maabara hapa Busia: mstari kwenye kipimo na kile hadubini inaona

Saa mbili asubuhi nafika, benchi ya nje imeshajaa akina mama na watoto wenye homa. Naanza na rangi ya Giemsa, ile inayofanya vimelea vya malaria vionekane kwenye hadubini, maji yake yawe pH 7.2, hapo sichezi kabisa, rangi ikiharibika unasoma uchafu ukidhani ni vimelea.

Saa tatu, vipimo vya haraka vya malaria. Tone la damu, bafa (kile kimiminika cha kipimo), dakika 15 unasoma mistari, foleni inasonga. Havitaki umeme wala hadubini ndo maana hata wahudumu wa kujitolea vijijini wanavitumia, mi naviheshimu sana.

Saa nne hivi analetwa mtoto wa miaka minne, mstari umetoka wazi, lakini mamake anasema alimaliza dawa za malaria wiki mbili zilizopita. Sasa hapo kipimo hakitoshi, kwa sababu kinatafuta HRP2, protini inayotolewa na vimelea vya malaria, na hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa hata vimelea vikiwa vimeshakufa. Natengeneza slaidi, tone nzito la kutafuta vimelea na tabaka jembamba la kujua aina, methanoli naweka kwa lile jembamba tu, halafu tunangoja ikauke.

Saa sita naisoma, lenzi ya 100 na mafuta, nimepita sehemu mia nzima sioni kitu.

"Musawo," yaani mhudumu wa afya, mama ananiuliza, "si mstari uko?"

"Uko mama, lakini huo unaweza kuwa wa ile malaria ya juzi. Rudi kwa daktari na hii karatasi."

Daktari akaangalia sikio, limejaa usaha. Yaani angepewa tena dawa za malaria na sikio likabaki vile vile, hiyo inaniuma sana.

Posho na maharagwe haraka haraka, saa nane wodini wanataka hesabu ya vimelea vya mtoto mwingine anayechomwa artesunate, sindano ya malaria kali. Unahesabu vimelea mpaka ufikishe chembe nyeupe 200, ukipata vimelea 500 ni kama 20,000 kwa mikrolita moja. Leo vimeshuka kuliko jana, na hiyo kipimo cha haraka hakiwezi kukwambia, chenyewe ni ndiyo au hapana. PCR, kipimo cha mashine kinachotafuta vinasaba vya vimelea, inaona hata vimelea vichache mno lakini mashine ni ghali na majibu yanachukua masaa, mtoto anayetetemeka hawezi kungoja.

Saa kumi na moja nakabidhi zamu. Usiku kuna vipimo vya haraka tu, kwa hiyo nimemwambia mwenzangu, mtoto yeyote aliyemeza dawa ndani ya mwezi huu mtengenezee slaidi, nitaisoma asubuhi kabla ya foleni.