Maji ya Bonge yanakaa karoni

Wageni wengi wakija kwangu Goba hushangaa kukuta mbwa wangu, Bonge, ananywea maji kwenye karo la kufulia nguo, wakadhani tumemtenga. Wala. Karo ndilo eneo pekee hapa nyumbani ambalo maji yakimwagika hayamkeri mtu. Sakafu yake ni saruji iliyokwaruzwa, ina mteremko, na tundu la kutolea maji linaelekea kwenye migomba. Kwingine kote ni vigae, na vigae vikilowa ni kuvunjana viuno.

Bonge ni boerboel, mbegu ya Afrika Kusini. Dume likikomaa linavuka kilo 70 bila shida. Kwa sasa bado mtoto, meno ya utotoni yanang'oka, udenda unamchuruzika kutwa. Akinywa maji anazamisha pua nzima, anapiga chafya, anainua kichwa, halafu hapo ndipo kasheshe inapoanza: anakuja kukusalimia. Midomo yake imelegea, na pembeni ya ile midomo kumebaki maji ya kutosha kikombe cha kahawa. Anakuegemea pajani. Kama ulikuwa unatoka kwenda kazini, rudi ndani ukabadilishe suruali.

Waliozoea kufuga paka humwona mbwa mchafu tu, hana adabu. Adabu haihusiki. Paka hugusa maji kwa ncha ya ulimi, taratibu. Mbwa huupiga ulimi majini kwa nguvu, ameukunja kwa nyuma kama kata, na ungedhani anachota. Watafiti wa Harvard waliwapiga mbwa picha za eksirei wakiwa wanakunywa, wakatoa matokeo mwaka 2011: maji mengi yaliyomo kwenye ile kata humwagika chini. Yanayomfikia kooni ni yale yaliyonata juu ya ulimi na kuvutwa kwenda juu, naye akayawahi kwa kufunga mdomo. Kwa hiyo mbwa yeyote hurusha maji, ila mwenye ulimi mkubwa na midomo ya kuning'inia hurusha mengi zaidi. Ndiyo maana sijajisumbua kumfundisha kunywa vizuri. Nimehangaika na mahali na chombo.

Mahali kwanza. Mtaa wetu una Waislamu wengi, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi huku Pwani, chombo kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Baraza ya mbele ndipo watu wanapovua viatu. Jirani yangu mmoja, mzee ninayemwamkia shikamoo, alisimama getini siku ya Ijumaa akiwa na kanzu yake nyeupe, akatazama michirizi ya maji kwenye vigae, akasema kwa upole, "Baba Neema, mimi leo salamu zangu nazitolea hapa hapa." Jioni ile chombo kikahamia nyuma. Dada anayetusaidia kazi naye akashukuru, maana swala zake hazina tena wasiwasi wa nguo kurushiwa maji. Tumekubaliana kitu kimoja tu: chombo cha Bonge kinakaa upande wa juu wa karo na nguo zinafuliwa chini, ili povu la sabuni lisimfikie.

Sasa chombo. Beseni la plastiki analitafuna. Sufuria ya alumini anaisukuma kwa pua usiku, na kelele yake mtaa mzima unaijua. Kilichotulia ni karai la mafundi ujenzi, jipya, halijawahi kuchanganya zege, limekaa katikati ya tairi kuukuu la gari dogo. Halipinduki hata akiliparamia. Nalijaza nusu tu, tunaongeza mara kwa mara, na hayo maji pia yanabaki ya baridi.

Ila mkazi wa Dar akisikia tairi kuukuu na maji anapaswa kushtuka. Homa ya dengi ilitusumbua mwaka 2014, ikarudi 2019, na mbu wake anaupenda uvungu wa tairi kuliko kitu kingine. Basi hilo tairi limetobolewa matundu upande wa chini, maji hayatuami. Na karai halimwagwi tu na kujazwa upya. Mayai ya mbu huyo hunata ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri. Linasuguliwa kwa brashi, kingo zote, ndipo linajazwa. Mkwe wangu anasema napenda mno kusugua. Sawa.

Kuna walionishauri kumwinulia chombo kwenye stuli ili asiiname na asimwage. Kwa mbwa wa mbegu kubwa sina haraka nalo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, wa mwaka 2000, ulikuta kwamba mbwa wakubwa wanaolishwa kwenye vyombo vilivyoinuliwa walipata zaidi ule ugonjwa wa tumbo kujaa hewa na kujipinda, ambao unaua kwa saa chache. Ulihusu chakula, siyo maji, lakini mimi kwa hilo sihitaji ushahidi wa pili.

Ushauri nisiotaka hata kuusikia ni wa kumpimia maji ili sakafu ibaki kavu. Mbwa anahitaji takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo yake kwa siku, na joto letu la Februari linaongeza. Akianza ghafla kunywa kupita kawaida na kukojoa ovyo, huyo ni wa daktari wa mifugo, siyo wa kufichiwa karai.

Bonge alikuwa pia akiyachimba maji ya karai kwa miguu, na hilo lilipungua tulipompa beseni lake la pili chini ya mwembe, la kuchezea. Mbwa mtoto akiona joto anataka kulowesha nyayo, na sasa ana pa kuloweshea. Mlangoni kwa jikoni kunaning'inia taulo kuukuu: anaambiwa "subiri", anakaa, anafutwa mashavu, anaingia. Faida nyingine ni kwamba amezoea kushikwa mdomo, na kwa uzito anaouendea, daktari wa meno yake atanishukuru.

Kuta bado. Akitikisa kichwa, udenda unafika kwenye swichi ya taa. Fundi rangi anakuja Jumamosi kupaka rangi ya mafuta ya kijivu kutoka sakafuni mpaka usawa wa kifua, na mama Neema amesema nyeupe asiisikie tena mpaka huyu mbwa azeeke.