Mbia nilimtafuta Dar, nikampata barabara ya 9

Nimeulizwa sana hili swali wiki hii, eti mwenzetu ulimpataje mtu wa kufanya nae biashara, kwahiyo ngoja niandike mara moja niishie hapa.

Mimi napika achari ya embe, niko hapa hapa Tanga, Ngamiani. Mapishi ya bibi mzaa mama. Unachukua embe changa ambazo kokwa bado halijakomaa, kisu kinapita tu, unatia chumvi unaanika juani mpaka zinywee, afu ndo manjano, uwatu, pilipili ya kusaga, saumu, tangawizi na siki. Miaka yote nilikuwa napika ya nyumbani na ya kugawia watu kwenye mashughuli, mpaka shoga yangu mmoja akanambia wewe umekalia hela unaigawa bure kwenye vikopo vya siagi.

Nikajua ninachokosa ni mtaji tu. Nikatafuta mwenye hela, nikampata, tulisoma wote sekondari, yuko Dar ana kazi yake nzuri. Akanitumia milioni moja na nusu kwenye simu, hakuuliza chupa moja inanigharimu kiasi gani, hakuuliza naiuza wapi. Nikaona huyu ndo ananiamini! Saivi nikikumbuka, kule kutouliza ndo kulitakiwa kunishtue.

Embe zina msimu wake jamani. Disemba unanunua nyingi zikiwa rahisi, hela yote inalala kwenye ndoo, inaanza kurudi baadae baadae. Yeye wiki ya tatu tu ananiandikia "vipi faida yangu", na anataka laki moja kila mwisho wa wiki, iwe nimeuza iwe sijauza. Nikawa nalala na simu nimeifunikiza. Siku moja kapata oda ya chupa 40 kazini kwake, anataka zifike Ijumaa. Embe hazijakauka, mawingu siku tatu mfululizo, na mimi roho inanambia usitie chupani, nikatia. Asubuhi nikapeleka stendi ya Kange nikapakia kwenye basi. Embe yenye maji maji inachacha, inatoa gesi, na buti la basi lina joto kama tanuri, basi vifuniko vikatuna vikaachia, mafuta na manjano yakashuka kwenye begi la abiria lenye kanzu nyeupe. Nne. Nilizilipa zote nne, na konda mpaka leo akiniona anaanza kucheka.

Mwenzangu wa Dar ananambia hiyo hasara ni ya kwako, mimi nataka changu.

Ndo nikaenda kwa baba mdogo, ambaye ni mtu wa darasa za dini. Akaniuliza swali moja tu, mlikubaliana mkopo au ubia? Nikabaki kimya mana hatukuandika chochote. Akanielewesha mudharaba, mmoja anatoa mali, mwengine anatoa kazi, faida mnagawana kwa fungu mlilokubaliana mwanzo, na ikitokea hasara bila uzembe wa mfanyakazi basi mwenye mali ndo anapoteza mali yake, na mfanyakazi kapoteza jasho lake. Musharaka ni pale wote mnapotia mali, na hasara inafuata kila mtu alichotia. Sasa huyu wako, akasema, anataka faida kama mbia na usalama kama mkopeshaji, kiwango maalumu kila wiki, hiyo si ubia, hiyo riba imevaa kanzu. (Neno kanzu siku ile lilinichoma wallahi.) Afu akaniongezea, zile embe ulizipakia unajua hazijakauka, hapo kwenye uzembe usijitoe.

Nikamuuliza na mdogo wangu anaesomea sheria. Yeye akasema kwa sheria ya mikataba ya Tanzania, wabia wasipokubaliana vyengine, faida mnagawana sawa na hasara mnagawana sawa, hata kama mmoja katia milioni na mwengine katia mia tano. Na deni la biashara linamfuata kila mbia. Nilihisi baridi, mana ina maana angeweza kukopa huko kwa jina la achari yetu nikaja kudaiwa mimi huku.

Nikamrudishia hela yake kidogo kidogo, miezi saba. Mji wetu una msemo, waja leo waondoka leo, basi na yeye ndo ikawa hivyo, na hatuna ugomvi, harusi ya dada ake nilikwenda na achari nilipeleka.

Huyu wa pili sikumtafuta. Ni dada wa barabara ya 9 hapa hapa Tanga, alikuwa anashika daftari kwenye duka la jumla miaka mingi, hana hela ya kutisha, na kusema kweli nilikuwa namuona mgumu. Aliniomba chupa 24 akajaribu kuuza. Baada ya mwezi karudi na hela ya chupa 21, chupa 3 mkononi, na daftari. Kaandika kila alienunua, nani karudi mara ya pili, nani kasema pilipili kali mno kwa watoto, duka gani lebo imeloa ikabanduka mana zinakaa karibu na friji. Mimi miaka yote nauza sijawahi kujua hata moja katika hayo!

Afu akanikalisha. Embe kiasi gani, siki kiasi gani, chupa, lebo, bodaboda mpaka Kange. Na kazi yako? Nikasema kazi yangu si hesabu. Akaniangalia tu. Akapiga, chupa ilikuwa inanigharimu 2,850 na nikiiuza 3,000. Nilimchukia kama siku mbili hivi.

Ya tatu nikamfata mwenyewe kwake. Tuliandika mkataba kurasa mbili kwa Kiswahili chetu, kila mmoja ana posho yake kabla ya faida, faida sitini kwangu arobaini kwake, hela haitoki benki bila sahihi mbili, anaetaka kutoka anatoa taarifa miezi mitatu, na mapishi ya bibi yanabaki kwangu. Hiki kipengele cha mapishi kalazimisha yeye kiandikwe, mimi nilikuwa naona aibu kukisema. Jina tumesajili BRELA, wale wa kusajili biashara, kama ubia, unafanya mtandaoni, muwe na namba za NIDA, za kitambulisho cha taifa. SIDO, shirika la viwanda vidogo, tulifuata barua ya utambulisho kwenda TBS, shirika la viwango, mana tangu 2019 mambo ya vyakula yako TBS. Kuna walotwambia tuunde kikundi tukachukue mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake, nne ya wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Sikatai, ila kikundi unajaza watu ufikishe idadi, na mimi kupata mmoja tu kumenitoa jasho vile.

Tunagombana, msidhani. Alkhamisi duka moja la Dar linasubiri katoni mbili, mimi nishapanga chupa mezani, kaja kafungua ndoo ya nne, kachukua kipande kakikamua kwa vidole viwili, kikatoa maji. "Hii bado." Nikamwambia mteja ataondoka. Kasema aondoke. Kabeba ndoo mwenyewe, embe kazipandisha juu ya bati na sinia zake.

Leo siku ya tatu, ziko huko huko juu, na jana usiku kulinyesha tukakimbia wote wawili na mashuka.