Siku moja maishani mwangu: paka wa Lamu na hua wa Socorro

Saa 12 asubuhi. Wavuvi wanashusha samaki, paka nao wamekwisha kusogea. Ndio wakati wa kutega. Nafanya kazi kliniki ya wanyama hapa mjini, na shughuli yetu kubwa ni kuwafunga kizazi paka wasio na mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hawa paka wamekukosea nini?"

Hawajanikosea kitu, nawapenda mno. Ila kuna ndege ninayemkumbuka kila nikifunga kizimba.

Saa 2. Jike wa kwanza yuko mezani, tumbo limenyolewa, ulimi umetoka kidogo upande. Daktari anapasua, mimi natazama pumzi. Akishashonwa, ncha ya sikio la kushoto inakatwa angali usingizini, tukimwona tena mtaani tumjue.

Saa 4, chai na mahamri. Kijana wa mafunzo ananiuliza ni ndege gani huyo. Ni hua wa Socorro, kisiwa cha Meksiko kilichoko mbali ndani ya Bahari ya Pasifiki. Mwekundu wa kahawia, miguu mirefu, muda mwingi yuko chini msituni akiokota mbegu na matunda yaliyodondoka. Kisiwani hapakuwa na mnyama wa kumwinda ardhini, kwa hiyo hakujua hofu. Mtu akimkaribia, yeye yupo tu. Mwaka 1869 wakaletwa kondoo, wakala vichaka alimojisetiri. Baadaye watu wakaja na paka. Mara ya mwisho kuonekana porini ni 1972. Waliotafuta baada ya hapo walirudi mikono mitupu.

Kijana akaweka kikombe chini. "Basi wameisha?"

Hawajaisha! Mwaka 1925 ndege 17 walichukuliwa kisiwani wakapelekwa California, wafugaji wakawazalisha. Vizazi vyao ndio hua wote wa Socorro waliopo leo, wengine Ulaya, wengine Marekani, na sasa wamerudishwa Meksiko pia. Kuwafuga si kazi nyepesi, maana madume ni wakali na wakibanwa pamoja hupigana. Nawaheshimu sana watu waliowatunza miaka yote hiyo.

Mimi simlaumu paka. Paka hakujipakia chomboni mwenyewe.

Saa 7 mchana. Sala, wali, kuosha vizimba.

Saa 10 jioni. Nahodha mmoja amekuja kuomba paka ampeleke dago, kambi ya wavuvi, kwenye kisiwa kidogo upande wa Kiunga, kwa sababu panya wanamtafunia nyavu. Hapa mjini tetere wamewazoea paka, wanaruka upesi. Kule ndege wa baharini hutaga chini, na kinda hana pa kukimbilia. Namwambia habari za Socorro: kondoo wameshaondolewa wote, lakini kuwaondoa paka kumekula miaka, kwa mitego na doria, na bila hivyo hua hawezi kurudishwa kwao.

"Sasa panya nifanyeje?"

Swali la haki. Panya nao hula mayai, na mara nyingi hufika wakiwa wamejificha ndani ya mizigo. Tukakubaliana: akague magunia kabla ya kupakia, na nyavu zikae ndani ya pipa lenye kifuniko. Pipa moja tunalo stoo, limekaa bure. Nimemwachia bawabu ufunguo, nahodha alipitie alfajiri kabla ya kutweka tanga.