Ukianza kujifunza programu na kichwa kikajaa

Kama umeanza kujifunza kuandika programu na sasa hivi kichwa kimejaa mpaka hutamani hata kuwasha kompyuta, naomba kwanza usiamini kwamba huna akili ya haya mambo. Nasema hivi kwa sababu wengi wanaachia hapo hapo, na wanaondoka wakiwa wameshajihukumu, na kwa kweli inaniuma maana wengi wao walikuwa wanaenda vizuri tu.

Shida kubwa mi naona ni kutaka vyote kwa pamoja. Mtu anaanza lugha ya Python, siku ya pili anasikia bila lugha nyingine, JavaScript, hupati kazi, anahamia huko, kabla hajakaa sawa anaambiwa ajue React, ajue Git, ajue SQL, ajue Linux, na kila video anayofungua inamtajia kitu kingine ambacho hajawahi kukisikia. Sasa angalia jinsi hivi vitu vilivyokuja. Python ilitoka 1991, JavaScript 1995, Git 2005, React 2013. Yaani wale wakongwe unaowaona wanavijua vyote walikuwa wanapokea kimoja kimoja, na katikati hapo kuna miaka kabisa ya kukizoea, alafu wewe unataka uvimalize ndani ya miezi mitatu na usipoweza unajiona mzito. Hiyo Git yenyewe, chombo cha kutunza matoleo ya kazi yako, Linus Torvalds aliitengeneza kwa ajili ya kazi ya Linux (mfumo endeshi alioanzisha yeye), mradi ambao watu wengi sana duniani wanagusa faili zilezile. Wewe una faili moja ya mistari kumi. Git inaweza kusubiri.

Kuna sababu nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni jinsi kichwa kinavyofanya kazi. Mwanasaikolojia Nelson Cowan aliandika mwaka 2001 kwamba vitu tunavyoweza kuvishika akilini kwa wakati mmoja ni kama vinne hivi. Sasa mtu anayeanza akiangalia lupu ya kawaida kabisa (maelekezo yanayorudiwa tena na tena), anabeba ile alama ya nukta mbili, anabeba nafasi za mwanzo wa mstari, anabeba kigeu (jina linalotunza thamani) kinachobadilika kila raundi, anabeba na maneno ya Kiingereza, tayari pameshajaa. Mzoefu akiiangalia anaona kitu kimoja tu, lupu, basi. Hajakuzidi akili, ni vile yeye ameirudia mpaka vile vipande vimeshikana. Ndo maana kurudia kitu kidogo kunasaidia kuliko kuangalia video mpya.

Kwa hiyo chagua lugha moja, yoyote ile (ukiuliza watu ipi ni bora utabishana nao mpaka usiku), alafu chagua programu ndogo kabisa unayotaka iwepo, na ujifunze kile tu ambacho hiyo programu inakidai. Mfano kwenye Python, programu inayomuuliza mtu umri na kumwambia mwakani atakuwa na miaka mingapi:

umri = input("Una miaka mingapi? ")
print(umri + 1)

Iendeshe. Itagoma, maandishi ya kosa, mara nyingi mekundu, yatajaa, na hapa ndo wengi moyo unawaruka wanafunga kila kitu. Usifunge. Nenda mstari wa mwisho kabisa, Python huwa inaweka jibu chini, utaona TypeError na maelezo kwamba inashindwa kuunganisha maandishi na namba, na juu yake kidogo imekuonyesha kosa liko mstari wa 2. Sababu ni kwamba input inaleta maandishi kila mara hata kama mtu kaandika 20, kwake yeye hiyo ni herufi mbili tu, na maandishi hayajumlishwi na 1. Ukiweka int(umri) + 1 inakubali. Hapo umejifunza aina za data, umejifunza kubadilisha maandishi kuwa namba, umejifunza kusoma kosa, na hujafungua kozi yoyote. Mi nayapenda sana haya makosa jamani, ni mwalimu ambaye hachoki na anakutajia mpaka namba ya mstari.

Kabla ya kuendesha, jitabirie kwanza itatokea nini, hata kwa kunong'ona. Ukikosea utabiri ndo umepata pa kuchimba. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati, maana ukibadilisha vitano ikagoma hutajua ni kipi kimeleta shida. Hata ukiiomba akili bandia ikusaidie iambie ikueleze ule mstari mmoja, usiiache ikuandikie yote, utabaki na programu inayofanya kazi ambayo huielewi na woga utarudi palepale.

Ile programu ya umri ikishakubali usiiache. Andika "ishirini" kwa herufi uone inavyolalamika, safari hii itakuja ValueError, na hapo try na except (za kushika kosa ili programu isife) zitakuwa na maana maana unazihitaji kweli. Alafu ifanye iulize tena mpaka mtu aandike namba, utakutana na while, ile lupu inayorudia mpaka sharti litimie. Kisha ikumbuke majina ya watu na umri wao hata ukiizima, utakutana na faili. Na siku utakayoharibu kitu kilichokuwa kinafanya kazi vizuri ukatamani kurudi kwenye kile cha jana, fungua somo la Git, litakuingia haraka sana.