Kutoka Kakamega hadi New Forest: mbawakawa wawili wakubwa

Katika Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, nilianza kwa kutega sikio. Mbawakawa goliathi akiruka, mvumo wake hukufikia kabla hujamwona. Dume hufikia sentimita 11. Kifua ni cheusi chenye mistari myeupe, na mabawa magumu ni ya hudhurungi, laini kama mahameli. Akipaa hayafunui. Yana mkato ubavuni, na mabawa ya kurukia hupenya hapo.

Mtafute kwenye shina linalovuja utomvu. Usimbandue kwa nguvu: kucha zake hung'ang'ania gome kama ndoana, na kinachokatika ni mguu. Mguse taratibu kwa nyuma, atapanda mwenyewe mkononi.

Juni nilikuwa New Forest, kusini mwa Uingereza, chini ya mialoni. Kule jua huzama baada ya saa tatu usiku, na ndipo anapotoka mbawakawa wa pili, Lucanus cervus. Dume hufika milimita 75, taya zikiwemo, nazo zimechanua kama pembe za kulungu. Huyu lazima ainue mabawa magumu kwanza, kisha huruka wima, akiyumba. Kwa urukaji, goliathi amemshinda mbali. Taya hizo ni za mieleka: dume humkaba mwenzake na kumbwaga kutoka gogoni. Kwa vidole vyako, mwenye kuuma zaidi ni jike, ingawa taya zake ni fupi.

Lakini ukubwa wao wote hujengwa utotoni, maana mbawakawa akishapevuka haongezeki hata kidogo. Buu la goliathi huweza kufikia gramu 100 kwa miezi michache tu, ndiyo maana linahitaji protini nyingi. Wanaolifuga huliongezea chakula kikavu cha mbwa, na likikosa hudumaa. Buu la Lucanus hula mti uliokufa unaooza ardhini, chakula duni, hivyo huchukua miaka 3 hadi 7. Kisiki chenye buu hilo kikisagwa mwaka wa tano, kazi yote imepotea.

Kwa hiyo kisiki cha mwaloni kiache. Kama hakipo, chimba shimo la sentimita 50, simamisha magogo ya miti ya majani mapana yenye unene usiopungua sentimita 10, ncha zibaki nje, kisha shindilia udongo katikati yake. Yasiwekwe juani: yakikauka, buu hufa.