Kumbukumbu ya mradi: tovuti ya kikundi cha kidumbaki, Unguja

Lengo

Kikundi cha kidumbaki (muziki wa kuchezeka wa Unguja, ndugu wa taarab) kina watu saba: mwimbaji, waitikiaji wawili, mpiga fidla, mpiga sanduku (besi ya boksi lenye uzi mmoja), mpiga vidumbaki (ngoma ndogo), na mmoja wa cherewa (kayamba za kutikisa) na mkwasa (vijiti vya kugonganishwa). Hakina lebo wala meneja. Riziki yake ni harusi na hoteli za pwani, na mara mojamoja tamasha. Nyimbo zikisikilizwa mtandaoni ni heri, lakini hazirudishi hata nauli ya daladala: tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haukufikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa hiyo tovuti ina kazi moja, kumwezesha anayetafuta wapigaji awapate kwa simu au WhatsApp kabla hajahamia kwa wengine.

Januari: jina na mahali pa kuiweka

Domeni (jina la tovuti mtandaoni) ya .com ni takriban dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Bei ya kutazama ni ya kuhuisha mwaka wa pili, maana ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo. Imesajiliwa kwa barua pepe ya kikundi, na neno la siri wanalo watu wawili. Tovuti nyingi za wanamuziki hufia hapa: fundi husajili kwa jina lake, akihama domeni inabaki naye, na siku ya kulipia ikifika ilani inakwenda kwenye barua pepe isiyofunguliwa. Domeni ya .com iliyofutwa kwa kutolipiwa hukaa siku 30 katika kipindi cha ukombozi, na kuikomboa hugharimu mara kadhaa ya bei ya kawaida. Baada ya hapo yeyote anaweza kuichukua, na wanunuzi wa kwanza mara nyingi ni watu wa kamari.

Kurasa ni tano, zimeandikwa kwa HTML tupu, lugha ya msingi ya kurasa za wavuti. WordPress, programu ya kuendesha tovuti, ingefanya kazi, ila kikundi hakina mtu wa kuisasisha kila mwezi, na programu-jalizi iliyozeeka ndiyo mlango wa wadukuzi. Faili zimewekwa Cloudflare Pages, huduma ya kuhifadhi tovuti, bure, na cheti cha HTTPS (kinacholinda mawasiliano na tovuti) kinajihuisha chenyewe. Kikomo chake ni takriban MB 25 kwa faili moja, kiasi kinachotosha kabisa kwa kurasa kama hizi.

Februari: uzito wa ukurasa

Tumejiwekea kikomo cha kilobaiti 500 kwa ukurasa wa kwanza, kwa sababu mteja wa harusi anaufungua kwa bando. Picha iliyotoka kwenye kamera ilikuwa MB 6. Ikapunguzwa hadi upana wa pikseli 1,600, ikahifadhiwa kama WebP (aina ya faili nyepesi ya picha) kwa ubora wa 75, sasa haifiki kilobaiti 200. Video haiwekwi kwenye seva yetu. Hata kichezeshi cha YouTube hakijapachikwa moja kwa moja, kwa kuwa hubeba msimbo mzito kabla mtu hajabonyeza chochote. Imewekwa picha ya video yenye linki, basi.

Sauti ndiyo iliyochukua muda. Mtu wa hoteli hasikilizi wimbo mzima, anataka kujua kama fidla inalia sawa na kama mwimbaji anashika sauti. Kwa hiyo kila wimbo una kionjo cha sekunde 60, kinachoanzia pale kiitikio kinapoingia. Amri iliyotumika, kwa ffmpeg, programu ya kukata na kubadili sauti na video:

ffmpeg -ss 30 -t 60 -i wimbo.wav -af "afade=t=out:st=57:d=3" -b:a 96k kionjo.mp3

Hapo -ss 30 inaruka sekunde 30 za mwanzo, na afade inafifisha sekunde tatu za mwisho ili sauti isikatike kwa kishindo. Matokeo ni takriban kilobaiti 720. Ikiwa -ss itawekwa baada ya -i, hesabu ya kufifisha inaweza kuharibika, maana saa ya wimbo hubaki ile ya asili, na nusu ya pili ya kionjo inaweza kutoka kimya. Kwenye ukurasa, kila kichezeshi kina preload="none", la sivyo baadhi ya vivinjari huanza kupakua vionjo vyote kwa pamoja. Wala hakuna kinachojipiga chenyewe: vivinjari vya simu huzuia sauti inayojiwasha, na mtu aliyeko ofisini ataifunga tovuti papo hapo.

Februari mwishoni: kitufe

Kitufe cha WhatsApp kimebandikwa chini ya kioo kwenye kila ukurasa. Linki yake:

https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Assalamu%20alaykum.%20Tarehe%20ya%20shughuli%3A

Namba inaandikwa kwa msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ukiandika 25507… WhatsApp itasema namba haipo, na kwa kuwa mwenye tovuti hana sababu ya kujibonyezea kitufe chake, kosa hilo huweza kukaa miezi. Maneno ya kuanzia yanasaidia kuliko yanavyoonekana, kwani mteja hulazimika kutaja tarehe, na jibu la kwanza linakuwa "tuko wazi" au "tumeshachukuliwa", si maswali matatu ya kuzungushana. Pembeni yake ipo namba ya kawaida ya kupiga, kwa wazee wasiopenda kuandika.

Fomu ya mawasiliano haikuwekwa. Ujumbe wake mara nyingi huishia kwenye taka za barua pepe.

Ukurasa wa kukodi

Huu ndio umeandikwa kwa kirefu kuliko yote. Kwanza yale anayouliza mwenye harusi: wapigaji wangapi wanakuja, wanapiga muda gani bila kupumzika, usafiri ni juu ya nani, malipo ya awali ni nusu, na wanapokea kwa simu au benki. Bei kamili haikuandikwa kwa sababu shughuli ya Mjini na ya Makunduchi hazina gharama sawa, achilia mbali kuvuka kwenda Pemba. Ila kiwango cha kuanzia kimetajwa. Bila hicho, nusu ya wanaoandika huwa ni wa kuulizia tu.

Kisha mahitaji ya jukwaa, kwa ajili ya hoteli na matamasha. Mafundi sauti wengi hawajawahi kukutana na sanduku, kwa hiyo imeandikwa wazi. Chaneli nane: mwimbaji 1, waitikiaji 2, fidla 1, sanduku 1, vidumbaki 2, cherewa na mkwasa 1. Sanduku linataka kipaza sauti cha besi, aina ya kile cha ngoma kubwa ya miguu, kikitazama tundu na si uzi. Kikielekezwa kwenye uzi kinachukua mkwaruzo na kuacha besi. Fidla ikipewa kipaza sauti kidogo cha kubana inahitaji volti 48 kutoka kwenye mikisa. Orodha hiyo ipo pia kama PDF ya ukurasa mmoja, maana fundi ataichapisha.

Chini kabisa kuna picha tatu za ubora wa kuchapisha na maelezo ya kikundi kwa urefu wa aina mbili: maneno 50 na maneno 200. Mwandalizi wa tamasha hunakili alichopewa. Asipopewa atatunga mwenyewe, na hapo ndipo kidumbaki hugeuzwa kuwa "ngoma za kienyeji".

Machi: lugha na utafutaji

Kurasa ziko kwa Kiswahili na Kiingereza, kila moja na anwani yake, zikiunganishwa kwa hreflang, alama inayoiambia Google lugha ya kila ukurasa. Hakuna kumhamisha mtu kwa kufuata lugha ya simu yake. Simu nyingi za hapa zimeachwa kwenye Kiingereza tangu dukani, hivyo mama wa Mwanakwerekwe angetupwa kwenye ukurasa wa watalii. Tahajia zote mbili, kidumbak na kidumbaki, zimetokea ndani ya maandishi yenyewe, pamoja na taarab na Zanzibar, kwa kuwa wa nje hutafuta kwa maneno hayo.

Google Search Console, chombo cha kufuatilia tovuti kwenye utafutaji wa Google, imethibitishwa kwa rekodi ya TXT kwenye DNS (mipangilio ya domeni), na sitemap.xml, orodha ya kurasa zote, imewasilishwa. Ukurasa wa kwanza una JSON-LD (maelezo yanayosomwa na mashine za utafutaji) ya aina ya MusicGroup, na kwenye sameAs zimo anwani za YouTube, Instagram, Boomplay na Spotify. Jina la kikundi ni lilelile, herufi kwa herufi, mahali pote.

Muonekano wa linki kwenye WhatsApp ulisumbua. Unatokana na og:title, og:description na og:image, yaani kichwa, maelezo na picha vilivyotajwa ndani ya msimbo wa ukurasa. Picha yetu ni pikseli 1,200 kwa 630, JPEG, chini ya kilobaiti 300. Ikizidi sana, linki hutoka tupu bila picha, na linki tupu kwenye grupu la familia inanukia utapeli. Anwani ya og:image lazima iwe kamili, ianze na https. Baada ya kubadilisha picha, simu huendelea kuonyesha ya zamani kwa kuwa imeihifadhi. Dawa ni kutuma linki yenye ?v=2 mwishoni.

Aprili: nyimbo zenyewe

Nyimbo nne zinakwenda kwa msambazaji, anayezipeleka Spotify na kwingineko. Vinavyotakiwa: WAV, kava ya pikseli 3,000 kwa 3,000, na ISRC, namba ya utambulisho, kwa kila rekodi, herufi na tarakimu 12 ambazo wasambazaji wengi huzitoa bure. Siku ya kutoka imewekwa wiki nne mbele. Spotify inataka wimbo upendekezwe kwa wahariri wake angalau siku saba kabla haujatoka, na wimbo ukishatoka nafasi hiyo imepita.

Mtihani mkubwa ni haki. Kidumbaki huazima sana nyimbo za taarab. Rekodi ni ya kikundi, lakini utunzi una mwenyewe, na kuandika "asilia" kwenye wimbo ambao mtunzi wake anajulikana ni kumnyang'anya. Mbili kati ya nne ziko hivyo. Zimesimamishwa mpaka majina ya watunzi yathibitishwe COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Kwa hizo mbili, kisanduku cha Content ID cha YouTube, mfumo wa kutambua na kudai video zenye wimbo wako, hakitabonyezwa. Kikibonyezwa, kikundi kitakuwa kinadai video za watu wanaopiga wimbo ambao si wake.

Kuna pia wanaouza "stream" elfu kumi kwa bei ya chipsi kuku. Spotify inawatoza wasambazaji kwa usikilizwaji bandia tangu 2024, na msambazaji humgeukia msanii au huondoa wimbo. Haikujadiliwa mara mbili.

Sasa hivi: wateja waliopo

Orodha ya kutuma ya WhatsApp huchukua watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kila mteja anaombwa kuihifadhi siku anapolipa malipo ya awali, si baadaye. Ujumbe ni mmoja kwa mwezi, wenye tarehe zilizo wazi na klipu ya sekunde 30. Sehemu kubwa ya Ramadhani hautumwi, kwani harusi zimesimama. Unarudi siku chache kabla ya Idi, pale familia zinapopanga za baada ya mfungo.

Linki zinazowekwa nje zina alama ya kuonyesha mteja ametokea wapi: ya Instagram ina ?utm_source=instagram, kadi za hotelini zina QR yenye ?utm_source=hoteli. QR imechapishwa kwa upana wa sentimita 2.5, nyeusi juu ya nyeupe, na ukingo mweupe kuizunguka. Ile ya majaribio ya rangi ya dhahabu juu ya kijani haikusomeka kwenye taa hafifu za mgahawa.

Kinachosubiri: majibu ya COSOZA, video moja ya jukwaani isiyokatwakatwa ya dakika tatu kwa ajili ya waandaaji wa matamasha, na kupitisha linki zote kwenye simu ya bei nafuu yenye mtandao wa 3G, nje ya mji.